Kumtunza Ndugu Mwenye Ulemavu wa Akili Bila Kumwelemea Mtu Mmoja: Mwongozo kwa Familia za Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Katika nyumba nyingi za Mwanza zenye mtoto, kijana au mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, kazi ya kumtunza iko mikononi mwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama mzazi, bibi, au dada mkubwa aliyelazimika kuacha shule. Ndugu wengine wanampenda mgonjwa wao, wanamwonea mama huruma na kumtumia fedha kidogo sikukuu zikifika. Lakini saa zenyewe za kumwamsha, kumwogesha, kumlisha, kumfuata anapotoka na kumlaza hubaki kwa yule yule mmoja, mwaka baada ya mwaka. Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo: namna ya kuugawa mzigo kwa saa na kwa majina, mapema, kabla aliyeubeba hajaanguka.

Nimetumia hapo juu neno "mgonjwa" kwa sababu ndivyo tunavyozoea kusema majumbani, ingawa ulemavu wa akili si ugonjwa. Ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, ambapo uwezo wa kufikiri, kujifunza na kujitegemea hukua polepole kuliko wa watu wa rika lake. Hakuna dawa ya kuiondoa hali hiyo, lakini aliye nayo hujifunza maisha yake yote akifundishwa kwa subira. Magonjwa ya akili ni jambo jingine, kwa kuwa yanaweza kumpata mtu yeyote, hata mwenye akili kali, na mengi hutulizwa kwa dawa. Familia isiyoitambua tofauti hiyo hutumia miaka na fedha nyingi kutafuta kitu kisichokuwepo.

Hatua ya kwanza: Pateni maelezo ya kitaalamu, kisha acheni kuzunguka

Anzieni kituo cha afya kilicho karibu na mwombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa na ina idara za watoto na za afya ya akili. Mwulizeni daktari mambo manne bila kuona haya: je, anasikia vizuri, anaona vizuri, ana kifafa, na je, kuna tatizo jingine la mwili linaloweza kutibiwa? Mtoto anayedhaniwa haelewi huenda hasikii tu. Wale wenye sindromu ya Down, inayotokana na kuwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, mara nyingi huwa na matatizo ya moyo, ya masikio au ya tezi ya shingoni ambayo yana matibabu yake.

Chanzo hakijulikani kila mara, lakini vyanzo vinavyofahamika si siri: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali katika siku zake za mwanzo, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ukosefu wa madini joto kwa mama mjamzito, na hali za kuzaliwa nazo. Katika mwambao huu ambako malaria haijatuacha, kila familia inapaswa kujua kwamba homa kali yenye degedege si ya kusubiri asubuhi.

Ninasisitiza sababu hizi kwa ajili ya mama. Mara nyingi lawama humwangukia yeye: amerogwa, amevunja mwiko, ukoo wao una mkosi, ameleta balaa katika mji wa watu. Ng'ombe huuzwa, familia huzunguka kwa waganga kuanzia Magu hadi Geita, na kila anakotoka mama anarudi na deni jipya pamoja na aibu ile ile. Baba au mzee wa familia aende naye hospitali na ayasikie maelezo ya daktari kwa masikio yake, kwa kuwa maneno hayo hayo yakiletwa nyumbani na mama peke yake huchukuliwa kuwa ni kujitetea.

Kabla hamjaondoka, ombeni taarifa iliyoandikwa na kupigwa muhuri, mtoe nakala tatu au nne na kuziweka katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Shule na ofisi ya ustawi wa jamii wataiulizia karatasi hiyo. Familia za Ukerewe na visiwa vingine, ambazo safari ya hospitali kwao ni nauli ya meli na pengine kulala mjini, ziombe miadi ya idara mbili au tatu ipangwe siku zinazofuatana.

Hatua ya pili: Andikeni siku nzima ya mlezi

Chukueni daftari la kawaida la shule. Kwa wiki moja, mlezi mkuu, au kijana wa nyumbani akimsaidia kuandika, aorodheshe kila anachomfanyia ndugu huyo, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, pamoja na kila alichoshindwa kukifanya kwa sababu hiyo. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayobeba kikao cha familia kitakachofuata, kwa sababu wengi wa wale wanaosema "mama anaweza" hawajawahi kuiona siku yake ikiwa imeandikwa.

Fikirieni ukurasa mmoja wa mama anayeanika dagaa Igombe na anayemlea kijana wa miaka 15. Saa kumi na moja alfajiri anabadilisha shuka iliyolowa. Saa kumi na mbili mitumbwi inarudi na anatakiwa awe mwaloni kununua, lakini kijana hajanywa uji, na uji unachukua karibu saa nzima kwa sababu asipolishwa taratibu anapaliwa. Akifika mwaloni saa mbili, dagaa wazuri wamekwisha kununuliwa na wenzake, naye anachukua waliobaki kwa bei ile ile. Mchana anageuza dagaa kwenye chanja huku jicho moja likiwa kwa kijana asishuke majini. Mvua ikitishia, inambidi achague kati ya kukimbilia dagaa na kumshika mkono mtoto. Jioni ni kupika, kuogesha, kufua na kutoa dawa. Usiku anaamka mara mbili au tatu.

Ukurasa wa namna hiyo unaonyesha mambo matatu ambayo huruma peke yake haiyaonyeshi. Unaonyesha saa ambazo msaada mdogo ungeleta faida kubwa, kama ile saa ya uji ambayo inamgharimu mama mtaji wake wa siku. Unaonyesha kazi ambazo mtu mwingine yeyote anaziweza, kama kufua na kuteka maji. Tena unaonyesha usiku, ambao ndugu hawaujui kabisa, na ambao ndio unaomchosha mlezi kuliko mchana.

Hatua ya tatu: Iteni kikao cha familia, na mgawane saa

Kikao kiitwe na mtu ambaye ukoo unamsikiliza: baba mkubwa, shangazi, mjomba au babu. Mama mwenyewe asiachiwe kazi ya kukiita, kwani ataonekana ameshindwa au analalamika. Wanaoishi Dar es Salaam, Kahama au machimboni Geita washirikishwe kwa simu. Mwenye ulemavu, kama anaweza kukaa na kusikiliza, awepo, na aulizwe anapenda kukaa na nani na kufanya nini. Wengi wao wana majibu yaliyo wazi kabisa, na yapo majibu yatakayowashangaza wakubwa.

Someni daftari kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kabla mtu yeyote hajatoa maoni. Kisha msikubali ahadi za jumla. "Tutamsaidia mama" ni ahadi ambayo haina mwenyewe. Andikeni badala yake kwamba mjomba fulani atamlisha uji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja, kwamba binamu fulani atamwogesha na kumtembeza kila Jumamosi jioni, na kwamba wifi atalala naye usiku wa Jumapili ili mama alale usingizi mzima walau usiku mmoja wa wiki. Kila zamu iwe na jina na saa, pamoja na jina la mtu wa pili iwapo wa kwanza ataumwa au atasafiri.

Kwa familia za wavuvi kuna mpango ambao maumbile yenyewe yanausaidia. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Katika siku hizo baba na kaka wako nchi kavu, wakishona nyavu na kukaa vijiweni. Zamu za usiku na safari za kliniki zipangwe kuwaangukia wao kipindi hicho, kila mwezi, bila kusubiri kuombwa. Nimesikia hoja kwamba mwanamume hawezi kumwogesha kijana au kumbadilisha nguo. Mwanamume anayeweza kutengua samaki kwenye nyavu usiku, baridini, kwa mikono miwili iliyopasuka, anaweza kumwogesha mwanawe. Kwa mtoto wa kiume aliyebalehe, hata heshima inataka aogeshwe na baba au kaka.

Ndugu walio mbali wachangie fedha zenye kazi maalumu. Mchango ambao hauna kazi huishia kwenye chumvi na vocha, lakini fedha iliyotamkwa kwamba ni ya kumlipa jirani kwa asubuhi tatu za wiki, au ya nauli ya kliniki kila mwezi, inaonekana ilipokwenda. Jirani huyo aonyeshwe kazi kwa siku kadhaa akiwa pamoja na mama kabla ya kuachiwa mtu. Alipwe kwa wakati, na achaguliwe kwa uangalifu ambao nitaueleza katika hatua ya saba.

Yako majumba ambayo baba ameondoka. Ameoa kwingine na kuhamia upande wa pili wa ziwa, au amenyamaza tu. Kuzaa mtoto mwenye ulemavu hakumwondolei mzazi wajibu wa matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto wao, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana mamlaka ya kumwita baba na kusuluhisha kabla suala halijafika mahakamani. Mama asione aibu kwenda.

Msiwasahau ndugu wa tumbo moja walio wadogo. Msichana wa miaka 11 anayebaki nyumbani kila siku ya mnada ili amlinde kaka yake analipa gharama ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaikubali. Ni haki mtoto kusaidia kazi za nyumbani, lakini zamu inayomtoa darasani ifutwe kwenye daftari siku hiyo hiyo ya kikao. Baadaye mzazi akae naye pembeni na kumweleza hali ya kaka yake kwa maneno ya kweli, kwa kuwa watoto wengi hudhani kwa siri kwamba wao ndio waliosababisha, au kwamba nao watakuwa hivyo.

Kikao cha pili kifanyike baada ya mwezi mmoja, daftari likiwa mezani. Baadhi ya zamu zitakuwa zimekufa. Zibadilishwe bila kugombana, kwa sababu lengo ni mpango unaotembea.

Hatua ya nne: Punguzeni kazi yenyewe

Kila jambo ambalo ndugu yenu atajifunza kulifanya mwenyewe linamwondolea mlezi dakika kadhaa za kila siku kwa maisha yote. Chagueni jambo moja tu kwa wakati mmoja, mlikate vipande vidogo, na mfundishe kipande kimoja hadi akizoee. Kunawa mikono, kwa mfano, ni kusogelea ndoo, kuchota maji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kufuta. Mshikeni mikono mwanzoni, kisha mwongozeni kwa kumgusa kiwiko, kisha kwa neno, kisha kwa kidole tu. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale na utaratibu ule ule, kwa sababu bibi akifundisha kwa namna yake na dada kwa namna nyingine, mwanafunzi anarudi mwanzo kila siku. Msifieni hapo hapo anapofaulu. Kumpiga hakumfundishi chochote zaidi ya hofu, na hofu huzaa kukimbia, kujikojolea na kujiuma.

Kwa choo, wapelekeni kwa saa: akiamka, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala, iwe amesema au hakusema. Kupunguza vinywaji jioni kunasaidia usiku. Akikataa kula au akianza kujipiga ghafla ilhali hakuwa na tabia hiyo, kaguani kwanza meno, masikio, tumbo na ngozi, kwa maana asiyeweza kusema "naumwa" huonyesha maumivu kwa tabia.

Wakati wa kumlisha, akae wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, na abaki amekaa kwa nusu saa baada ya kula. Sato na sangara watolewe miiba yote kwa vidole, si kwa macho, kwa anayeshindwa kutafuna vizuri, na dagaa wasagwe kuwa unga na kuchanganywa kwenye mboga au uji, jambo ambalo pia linampa madini na nguvu kwa bei ndogo.

Mwanza ina ugumu wake wa pekee, nao ni mawe. Nyumba za Mabatini, Igogo na milima mingine ya mji zimejengwa juu ya miamba, na njia ya kushukia barabarani ni ngazi nyembamba zinazoteleza mvua ikinyesha. Mtoto wa miaka mitatu hubebwa mgongoni kwa urahisi, lakini mtoto huyo huyo akifika kilo 40 mama anaharibika mgongo. Familia iliyopanga juu mlimani iweke fedha mapema kwa ajili ya kuhamia chumba cha chini, karibu na barabara, hata kikiwa kidogo zaidi. Kwa sasa, kamba imara ya kushikia ifungwe kando ya ngazi, na asiyeweza kutembea ateremshwe na watu wawili, kamwe si mmoja.

Kuhusu ziwa, asiachwe peke yake kwenda kuoga, kufua au kuteka maji, hata kama amezoea. Jiko la mkaa na mafiga viwe nyuma ya kizuizi au mahali palipoinuka. Mwenye tabia ya kutangatanga ashonewe ndani ya kola ya nguo zake namba mbili za simu, na mwenyekiti wa mtaa, vijana wa kijiwe cha bodaboda na wenye maduka ya jirani waonyeshwe sura yake na waambiwe nani wa kumpigia.

Bado wapo wanaofungiwa ndani au kufungwa kamba mguuni mama anapokwenda kutafuta riziki. Sitawahukumu akina mama hao, kwa sababu wengi wao hufanya hivyo wakihofia maji, magari na watu wabaya. Lakini kamba hukata ngozi, hulegeza misuli, na nyumba ikishika moto mtu hana pa kukimbilia. Tena ni ukiukaji wa haki zake. Akina mama wanne au watano wanaofanya kazi mwalo mmoja wanaweza kupanga kivuli kimoja chenye mkeka, maji na uzio wa nyavu chakavu, ambapo kila siku mmoja wao hubaki na watoto wote huku wengine wakimwanikia dagaa wake. Mpango huo hauhitaji mfadhili wala kibali.

Hatua ya tano: Kama ana kifafa

Kifafa huambatana na ulemavu wa akili mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kikidhibitiwa nusu ya hofu ya nyumba huondoka. Anapoanguka, mlazeni kwa ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na msimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Angalieni saa. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa mapovu, hivyo hakuna sababu ya mtu kuogopa kumshika.

Dawa zisikatwe ghafla, hata kama hajaanguka kwa miezi mingi, kwa sababu kukatiza kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Mwendee mfamasia zikiwa zimebaki za wiki moja, si siku ya mwisho, maana huenda siku hiyo dawa ikawa haipo. Mwenye kifafa asipande mtumbwi kuvua.

Hatua ya sita: Ofisi na shule

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki za ndugu yenu za kupata elimu, afya na ulinzi, lakini haki hizo hazitawafuata nyumbani. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji ili aandikishwe katika orodha ya watu wenye ulemavu, kisha muonane na afisa ustawi wa jamii. Afisa huyo ndiye anayeweza kuthibitisha kwamba kaya haina uwezo na kuombea msamaha wa gharama za matibabu. Kama mtaa wenu umo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, hakikisheni taarifa za kaya zinautaja ulemavu. Kumbukeni pia kwamba halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata namna ya kuingia. Akifikisha miaka 18 apelekwe NIDA kuandikishwa kitambulisho cha taifa kama raia mwingine yeyote.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na baadhi yake zina vitengo vya wanafunzi wenye ulemavu wa akili vyenye walimu waliosomea elimu maalumu, wengi wao katika Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya Nyamagana, Ilemela au halmashauri yenu kitengo cha karibu kiko wapi. Msisubiri mtoto "akomae". Hata asiposoma sana, saa nne au tano za shule kila siku zinamfundisha kukaa na wenzake, na zinampa mama saa nne au tano za kufanya kazi. Mkuu wa shule akimkataa, ombeni akatae kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Watafuteni pia wazazi wengine. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, linaunganisha vyama mbalimbali, kikiwemo cha watu wenye ulemavu wa akili. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 20 anajua mambo ambayo hakuna daktari atakayemweleza mzazi wa mtoto wa miaka miwili.

Hatua ya saba: Mlindeni dhidi ya wanaomdhulumu

Hili ni jambo chungu, na familia nyingi hulikwepa. Wasichana na wavulana wenye ulemavu wa akili hubakwa na kulawitiwa na watu wanaowafahamu: majirani, ndugu, watu wanaoaminiwa kuwalinda, kwa sababu mdhalimu anadhani hawatasema au hawataaminiwa. Mfundisheni sehemu zake za siri kwa majina yake, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuzigusa isipokuwa anayemwogesha, ambaye naye ajulikane kwa jina. Mfundisheni kukataa kwa sauti na kuwaambia watu wawili mliowachagua. Msichana aandaliwe kwa ajili ya hedhi kabla haijaanza, kwa kuonyeshwa pedi au kitambaa na namna ya kukivaa juu ya nguo ya ndani, akirudia mara nyingi.

Mtu atakayeachiwa zamu awe anayejulikana kwa miaka, na zamu zifanyike mahali panapoonekana. Mabadiliko ya ghafla, kama kumwogopa mtu fulani, kukataa kuvuliwa nguo au kulia anapokwenda haja, yachukuliwe kwa uzito.

Ikitokea, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Toeni taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kwa mtoto mnaweza kupiga simu ya bure namba 116. Wazee watakaokuja na ng'ombe au fedha ili mmalizane nyumbani waambiwe kwa heshima kwamba jambo liko mikononi mwa serikali. Aliyefanya hivyo na kusamehewa kwa ng'ombe atarudia, kwenu au kwa jirani.

Hatua ya nane: Mlezi naye apimwe

Mlezi mkuu apime shinikizo la damu na sukari kila anapompeleka ndugu yake kliniki, kwa kuwa yupo pale pale na foleni amekwisha kuipanga. Asiyepata usingizi hata akipata nafasi ya kulala, anayelia bila sababu, aliyeacha kula au kuoga, au anayejikuta akimpiga mtoto kwa hasira ambayo hakuwa nayo zamani, huenda ana sonona, na sonona inatibika. Zipo nyakati ambapo mama hufikia kuwaza kwamba afadhali wafe wote wawili. Akilisema hilo, hata kwa nusu neno, asikemewe wala asiambiwe tu akaombe. Mtu akae naye usiku ule, mtoto achukuliwe na ndugu mwingine, na asubuhi apelekwe kwenye huduma ya afya ya akili. Mchungaji, padri au shehe anaweza kusindikiza safari hiyo, na ni vizuri afanye hivyo.

Hatua ya tisa: Pangeni maisha ya baada ya wazazi

Swali la nani atakaa naye wazazi wakifariki huamsha wengi usiku, na bado halitamkwi mchana. Litamkwe katika kikao, wazazi wakiwa na afya. Chagueni mrithi wa malezi na msaidizi wake, wenye ridhaa, na kijana aanze kulala kwao siku chache kila mwezi tangu sasa, ili siku ya msiba asipoteze wazazi na nyumba kwa pamoja.

Wosia uandikwe. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuandika na kuhifadhi wosia, na ndani yake itajwe sehemu ya mali inayomhusu, nani atakayeisimamia, na kwa matumizi gani. Shamba au kiwanja kilichoandikwa jina la kaka "kwa ajili ya mdogo wake" bila maandishi mengine huwa cha kaka, na baadaye cha watoto wa kaka.

Kisha andikeni daftari la pili, la maelekezo. Humo kuwe na dawa zake na vipimo vyake, vyakula vinavyompalia, namna anavyoonyesha njaa, maumivu na haja, anachokiogopa, wimbo unaomtuliza, majina ya watu anaowapenda, upande anaopenda kulalia, na saa anazozoea kwenda chooni. Lihifadhiwe na nyaraka za hospitali, nakala moja iwe kwa mrithi wa malezi, na kila mwaka mmoja wa familia alisome upya pamoja na mlezi ili kufuta yaliyobadilika.